Maziwa ya Saa Kumi

Jumatatu, 17 Machi

Masika yameanza na mimi nimeanza kuandika. Nyumbani sina wa kumsimulia, na mtu akikaa na kinyaa kifuani siku zote, mwishowe hutapika mbele za watu.

Kinyaa changu kina anwani. Ni kiwanda cha sabuni za miche hapa Boko, ukiiacha barabara ya Bagamoyo ukaingia ndani kidogo. Mimi ni karani wa stoo. Ukifika getini tu unapokewa na mawese yanayochemka, juu yake manukato ya ndimu ambayo haijawahi kuona mti, na chini yake kostiki. Kostiki haina harufu hasa, ila mvuke wake unakuna koo. Ni vipande vyeupe, ukiviona utadhani chumvi ya mawe. Ukivitia kwenye maji, maji yanachemka bila moto. Ukimimina maji hayo kwenye mawese unapata sabuni, na yakikumwagikia wewe, yanakula ngozi.

Mchanganyaji wetu ni Mzee Nassibu. Sijawahi kufanya kazi karibu na mtu mchafu kama yule. Ngozi ya mikono yake inabanduka vipande vipande, kucha zimekuwa njano, na akicheka, naye anacheka sana, anakohoa kisha anatema mate karibu na mlango wangu. Asubuhi nampa shikamoo kwa mbali huku nimeshika kalamu, asije akanipa mkono. Bosi wetu, Bwana Gaudens, ni kinyume chake. Kwetu ni kumoja, Bukoba, na tunasali parokia moja. Shati jeupe, leso nyeupe, kauli ya taratibu. Nikimwona najisikia kwamba mle ndani kuna angalau mtu mmoja safi.

Saa kumi jioni, maziwa. Kila mfanyakazi hupewa pakti ya nusu lita, kwa sababu bosi anasema maziwa yanaosha sumu mwilini, na wazee wote waliowahi kufanya kazi za viwandani wanasema hivyo hivyo. Watu wanapanga foleni, wanang'ata kona ya pakti kwa meno, wanafyonza. Ukutani hakuna miwani ya kazi hata moja, lakini maziwa hayajawahi kukosekana.

Jumatano, 19 Machi

Glavu za mwisho zimechanika. Leo wamejifunga vipande vya viroba mikononi kwa mpira wa baiskeli. Nimekwenda ofisini kuomba glavu na miwani.

"Dada Koku," bosi akasema, "hii ni Kwaresima. Tujifunze kuridhika. Lakini nimekusikia. Kuanzia leo kila mtu pakti mbili."

Nilitoka nimeshukuru. Nimefika nyumbani ndipo nikajiuliza nimeshukuru nini.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Ndoo tatu chini ya paa la stoo. Panya aliyelowa kwenye gunia la chumvi.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimeona kitu ambacho sikukitarajia. Mchana wanaofunga Ramadhani hawana pa kwenda, wanalala tu kwenye maboksi. Nikapita kwenye baraza ya nyuma nikamkuta Mzee Nassibu ameketi wima, ametandaza kanga safi mapajani, anashona kofia. Kofia ya vito, ile yenye vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka ua litokee. Mikono ile ile inayobanduka! Na kitambaa kilikuwa cheupe, hakina hata doa.

"Shikamoo mzee. Ya nani hiyo?"

"Marahaba mwanangu. Ya mkwe. Binti yangu anaolewa mfungo mosi, Idi ikishapita, na kwetu mkwe haingii na kofia ya dukani. Talha ataingia na hii."

"Mikono haikuumi?"

"Mikono inauma, lakini haya macho ndo mashine yangu. Mikono inayafuata tu."

Alinisogezea niione. Sikuigusa. Maziwa yake hayanywi, anayafunga kwenye mfuko apeleke nyumbani kwa futari.

Alhamisi, 27 Machi

Nilitumwa Mwenge kwa Bi Khatun, anayetuuzia kostiki. Ni mama wa Kihindi mwenye sauti kama kengele ya shule, hana subira na mjinga. Nilimwambia paa letu linavuja.

"Linavuja juu ya nini? Juu ya mapipa yangu?" Aliacha hesabu zake. "Sikiliza wewe. Pipa likiingia unyevu, kostiki inashikana inakuwa jiwe. Usihangaike nalo. Nirudishie. Usimwagie maji juu yake hata siku moja! Siku zote maji ndo yanatangulia, kostiki inafuata, kidogo kidogo."

"Na ikimrukia mtu jichoni?"

"Maji. Mengi, ya kutiririka, na umfumbue jicho kwa nguvu hata akikutukana. Dakika ishirini na zaidi, halafu hospitali. Usitie kitu kingine chochote."

"Sisi tuna maziwa," nikasema.

"Maziwa wape paka!"

Nilimfikishia bosi. Alicheka kwa upole, akapangusa midomo kwa leso. "Khatun ni mfanyabiashara, dada Koku. Anataka tu kuniuzia miwani."

Jumanne, 1 Aprili

Jana ilikuwa Idi. Leo Mzee Nassibu ameniletea visheti alivyopika mkewe. Nikaitazama mikono iliyovishika. Nilivifunga kwenye karatasi nikampa mlinzi. Mlinzi anasema vilikuwa vitamu.

Alhamisi, 3 Aprili

Paa limeshindwa. Maji yameingia kwenye pipa moja la kostiki lililoachwa wazi, na vipande vyote vimeshikana vimekuwa jiwe moja. Ukiligonga linalia kama sufuria. Nimemwambia bosi tulirudishe kwa Bi Khatun. Ameuliza mara mbili kama nina hakika kwamba haliwezi kutumika.

Ijumaa, 4 Aprili

Pipa bado lipo. Bosi amekuja, amelitazama, ameondoka.

Jumanne, 8 Aprili

Vidole vinaniwaka, lakini nitaandika yote kwa mpangilio wake, maana najua wataanza kusema vingine.

Mvua ilianza alfajiri. Mabomba yalikuwa makavu tangu jana, mgao umeanza, kwa hiyo kiwanda kizima kilikuwa na ndoo mbili za maji. Bosi alikuja stoo mwenyewe, amekunja mikono ya shati. Alisema lile pipa leo litumike, litayeyushwa humo humo ndani.

Mzee Nassibu alikuwa ameshika mti wa kukorogea. "Bosi, hili tulirudishe. Siku zote mie natia maji, ndo natia kostiki. Ukimwaga maji juu yake inalipuka."

"Mvua imeingia humu siku zote hizi. Nani amelipuka?"

Wawili watatu walicheka. Kicheko cha watu wanaolipwa na anayefanya mzaha.

"Lusungu, mwaga."

Lusungu ni msimamizi, kijana asiyejua kumkatalia mtu aliyevaa shati jeupe. Aliitazama ndoo, akamtazama bosi. Akageuza uso pembeni, uso wake yeye, akamwaga ndoo ya kwanza. Akamwaga na ya pili.

Pipa likanguruma. Kisha likatapika. Mvuke, povu, maji meupe yanayochemka, vyote vikaruka juu kwa pamoja, na aliyekuwa mbele ni Mzee Nassibu.

"Macho! Macho yangu jamani!"

Nilipiga kelele, "Maji!" Lakini ndoo zote mbili zilikuwa tupu pale chini ya pipa. Na bosi naye akapiga kelele, kwa sauti kubwa kuliko yangu, "Maziwa! Leteni maziwa, haraka!"

Wakaenda mbio kwenye friji. Watu watatu walimshika mzee kichwa. Lusungu aling'ata kona ya pakti kwa meno, vile vile wanavyofanya saa kumi, akammiminia machoni. Pakti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee alikuwa anafumba macho kwa nguvu na maziwa yakapita mashavuni, yakaingia masikioni na kwenye ndevu, yakachanganyika na ngozi iliyokuwa inaanza kuachana na uso. Harufu ya maziwa ya moto na mawese. Bosi alisimama hatua chache nyuma, ameziba pua kwa leso, anasema, "Mengine, mengine." Nami nikasimama. Nitasema kweli, nilisimama pale kwa kitambo, kwa sababu wote walikuwa na uhakika sana.

Ndipo niliposikia mvua. Nyuma ya ofisi yangu mfereji wa bati umekatika, na maji yanashuka pale kama bomba lililopasuka. Siku zote nimekuwa nikiulaani kwa sababu unaloanisha viatu vyangu.

Nikamshika mkono. Mkono ule ule. Ulikuwa unateleza kama sabuni, na uliniwasha papo hapo, nami nikaukaza nikamvuta.

"Koku!" bosi akaita. "Unampeleka wapi na mvua yote hii? Atapata nimonia!"

Nilimlaza chali chini ya ule mfereji, nikakaa kwenye tope, kichwa chake mapajani pangu. Nikamfumbua macho kwa vidole. Alinitukana matusi ambayo sikujua mtu wa umri wake anayajua.

"Fumbua, baba. Nitukane tu, ila fumbua."

Sijui tulikaa pale muda gani. Mvua haikukatika, na hilo ndilo jambo pekee leo ambalo nalishukuru. Vidole vyangu viliungua kwa yale yaliyokuwa yanatoka usoni mwake. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunipokea, walisimama chini ya paa wakitutazama. Lusungu alikuwa bado ameshika pakti.

Nikaomba gari la bosi. Alinitazama mimi nilivyolowa, akamtazama mzee, akasema, "Viti vya kitambaa vile, dada Koku. Itisheni bajaji."

Alhamisi, 10 Aprili

Jicho la kushoto linaona. La kulia limekwisha. Limekuwa jeupe kama jicho la samaki aliyechemshwa. Daktari aliuliza alitiwa nini kwanza, nikajibu maziwa. Akasema zile dakika za mwanzo ndizo zinazoamua.

Mkewe, Mama Mauwa, alikuwa amekaa kwenye benchi na mfuko wa nguo za mzee. Kofia ilikuwemo humo, haijaisha. Nilimpa shikamoo nikakaa kando yake.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo ukutani kuna miwani ya kazi. Kumi na nane, kila moja na msumari wake, na jina kwa chaki. Ya Nassibu nayo ipo.

Nilikwenda nyuma nikamkuta Lusungu amepiga magoti. Alikuwa ametungua tena miwani tatu nne, ziko mbele yake. Anachukua moja, anaipaka majivu na mawese, anaisugua sakafuni, anaitemea mate, anaisugua tena.

"Lusungu, unafanya nini?"

"Mie naambiwa tu, sista."

"Mpaka mate?"

"Ili ionekane ya zamani. Mkaguzi anakuja wiki ijayo."

Safari hii sikusema tu kwamba nasikia kichefuchefu. Nilitapika kweli, kwenye ule ule mfereji.

Jioni bosi aliniita. Mlango ulifungwa, na kwenye meza alikuwa ameniwekea chai ya maziwa. "Mzee alikuwa na miwani," akasema taratibu, "akaivua kwa sababu ya joto. Ndivyo ilivyokuwa. Wewe ndiye wa stoo, neno lako litamaliza mambo. Watu kumi na wanane wanakula hapa, dada Koku. Wewe mmojawapo. Na mzee nitamtunza mimi, siyo wakaguzi."

"Jicho lake limekwisha, bosi."

"Mungu amemwachia moja."

Alisema hivyo huku anapangusa midomo! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikuigusa ile chai. Ilifanya utando juu, nikautazama ule utando mpaka akamaliza kusema.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Nimeshika tawi langu sikuimba. Nikifukuzwa hapa, kodi ya chumba Tegeta nitailipa na nini? Na wale wengine je? Lusungu ana mtoto anayenyonya.

Jumatano, 16 Aprili

Mkaguzi ni mama mtu mzima, amevaa buti, haongei sana. Alipita kwenye mapipa, akatazama paa, akafika ukutani. Sote tulikuwa tumepangwa mstari kama watoto wa chekechea. Bosi alieleza habari ya joto na mzee kuivua miwani, kwa sauti ya huzuni nzuri kabisa, hadi nikaona watu wanaitikia kwa vichwa.

Mkaguzi akanigeukia. "Karani, hii miwani iliingia lini stoo?"

Nilimwona Lusungu anatazama viatu vyake. Niliwaona wote, na wote walikuwa wananiomba kwa macho, kila mtu na yake mawili.

Nikaenda kwenye msumari wenye jina la Nassibu nikaichukua miwani. Ilikuwa inanuka mawese na mate ya Lusungu. Nikaigeuza. Upande wa ndani, juu ya kioo, kulikuwa na ule utando wa nailoni unaowekwa miwani inapotengenezwa ili kioo kisichubuke. Nikaingiza ukucha wa kidole kibovu, nikaubandua. Ulitoka mzima, safi, unang'aa.

"Iliingia Ijumaa, mama," nikasema. "Wameichafua nje wakasahau ndani. Mzee Nassibu hakuwa na miwani, wala glavu, wala maji. Alitiwa maziwa."

Nikamwekea ule utando kiganjani. Akaichukua miwani ya pili, akabandua. Ya tatu, akabandua. Bosi alitoa leso.

Alhamisi, 17 Aprili

Kiwanda kimefungwa mpaka paa, maji na vifaa viwepo. Mzee atalipwa matibabu na fidia, hiyo imeandikwa. Mimi nimeambiwa nisirudi kikifunguliwa, hiyo haikuandikwa. Getini mmoja wa wapakiaji alinitemea mate miguuni.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Bwana Gaudens alisoma somo la pili, na sauti yake haikukwama popote. Tulipoambiwa tutakiane amani, aligeuka kutoka benchi la mbele akaninyoshea mkono, mweupe wa sabuni, kucha zimekatwa vizuri.

Niliurudisha wangu nyuma ya mgongo. Sijawahi kuona mkono mchafu namna ile.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Nauza vitumbua na jirani. Naogopa mafuta ya moto sasa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekutana na Lusungu kituoni Tegeta. Nilidhani atanipita. Akasimama, akasema, "Sista, umetukata riziki." Kisha, kabla sijajibu, "Mie ndo niliyemwaga. Naotaga lile pipa." Akaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia vizuri, ameniharibia.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua inaelekea kwisha. Nimekwenda Mabibo kumtazama Mzee Nassibu. Nilikuwa naahirisha, nikijiambia ni foleni.

Mama Mauwa alinipokea mlangoni, akanitazama vidole kabla ya uso. Vimebaki na makovu, na ngozi bado inabanduka. Akavishika akavifunika kwa vyake.

"Bosi wenu ana adabu," akasema tulipokaa. "Kamtuma dereva na katoni nzima ya maziwa. Eti pole. Nimewapa paka wa sokoni, wote wamenenepa."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikamweleza habari ya Bi Khatun. Alileta chai kavu na visheti. "Maziwa hayaingii tena nyumba hii," akasema. Nilikula visheti sahani nzima. Mlinzi alisema kweli.

Mzee alikuwa amekaa kwenye mlango wa uani penye mwanga, kanga mapajani, kofia mkononi. Upande wa kulia wa uso ngozi imekuwa ya waridi na kope zimeshikana. Harusi imesogezwa mpaka mfungo tatu.

"Talha kasema hata ya dukani atavaa," akaniambia. "Nimemwambia anyamaze."

Alishona kidogo huku ameinamisha kichwa ili jicho la kushoto liwe karibu. Sindano ilikosa, ikarudi, ikakosa. Kisha akaninyoshea kofia, nami nikaipokea. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiri.

"Safu hii ya mwisho. Mama Mauwa ananiambia imenyooka. Binti yangu kaniambia imenyooka. Wewe unaionaje?"

Mama Mauwa aliweka birika chini. Alinitazama, nami nikajua anachoniomba. Nimeshaombwa hivyo mara moja mwaka huu.

Nikaisogeza kwenye mwanga. Vitundu vya mwanzo vilikuwa sawa. Katikati safu ilipanda kidogo, kisha ikashuka, na mwisho ilikuwa imeikimbia kabisa ile ya juu yake.

"Haijanyooka, baba."

Nje muuza ndizi alipita anaita.

"Inaanzia wapi?"

Nilimshika kidole nikakiweka mahali penyewe. Alipapasa mara mbili, akaitikia kwa kichwa. Akachukua wembe, akaanza kuifumua polepole, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka pale kidole chake kilipokuwa.

"Wewe ndo nilikuwa nakusubiri," akasema. "Haya, nitungie uzi. Na ukae hapo hapo, ikipinda useme."

Nikatunga uzi nikampa sindano, nikakaa.